Ndiyo ya Shahidi wa Pili

Wanasema kuuliza si ujinga. Waliosema hivyo hawakuwahi kusimama mahakamani wakiwa na swali mdomoni. Mimi niliuliza swali moja fupi, likajibiwa kwa neno moja, nikakaa chini nimefurahi, na kwa sababu ya neno hilo sikupata raha kwa wiki tatu.

Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu niapishwe kuwa wakili. Wenzangu niliosoma nao walikuwa Dar es Salaam wakigombania viti kwenye ofisi kubwa. Mimi nilirudi Lushoto, kwa sababu sijui kugombania kiti na, nikisema kweli, sijui hata kukikalia. Ni mtu wa kuhangaika tangu utotoni. Mama yangu, anayeishi Mlalo, husema nilizaliwa mguu mmoja ukiwa umeshashuka kitandani. Ofisi iliyonipokea ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu na dawa za mboga, na nilikuwa napanda na kushuka ngazi zake mara nyingi mpaka mwenye duka akaniuliza kama kuna mtu ananikimbiza.

Mwenye ofisi alikuwa wakili mkongwe, mwembamba, mwenye sweta moja la kahawia na chupa ya chai ya tangawizi isiyoisha. Nilimwita Mzee. Yeye aliniita Msomi. Hilo ni neno ambalo mawakili huitana kwa heshima, lakini kinywani mwake lilikuwa linanisubiri nikosee. Alikuwa anaongea polepole kiasi kwamba nilikuwa namalizia sentensi zake kichwani na kuanza kujibu kabla hajafika nusu. Alinijua. Akiona midomo yangu inacheza, ananyamaza, anajimiminia chai, na mimi nabaki pale nimejaa jibu la swali ambalo halijaulizwa.

Nilitegemea atanifundisha kuhoji mashahidi kwa vitabu. Akanituma Soni.

"Nenda sokoni," akasema. "Tafuta muuza karoti. Muulize maswali kumi, kila moja alijibu kwa ndiyo au hapana, na asijue kwamba anahojiwa. Akikushtukia, hamia kwa mwingine uanze upya."

Niliona ni mchezo wa kitoto. Nikashuka Soni siku ya gulio na viatu vyangu vya mahakamani. Nikamkuta mama mmoja amepanga karoti zake kwa mafungu, zimeoshwa zinang'aa.

"Shikamoo mama. Karoti hizi ni za leo?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Ni za shamba lako?"

"Hapana."

"Umeletewa?"

"Ndiyo."

"Zimekuja kwa pikipiki?"

Akasimamisha mkono uliokuwa unapanga. "Mwanangu, unanunua au unapeleleza?"

Nikanunua kwa aibu. Mama wa pili alinishtukia kwenye swali la tatu. Wa tatu hakunishtukia, ila alinijibu kila swali kwa hadithi, na nusu ya hadithi hizo zilihusu mkwe wake. Nilirudi Lushoto na mifuko mitatu ya karoti na hasira. Mzee alichukua moja, akaiosha, akaitafuna mpaka mwisho kabla ya kusema chochote.

"Unauliza ili umalize," akasema. "Yule mama anakuona kabisa kwamba jibu lake hulitaki, unataka swali linalofuata."

Kanuni zake hazikuwa nyingi. Ya kwanza, usimuulize shahidi wa upande wa pili swali ambalo hujui jibu lake. Ya pili, ukishapata unachotaka, kaa. Hiyo ya pili aliirudia mpaka ikawa kama salamu yetu. Nikitoka ofisini kwenda mahakamani na majalada kwapani, alikuwa ananiambia kutoka mezani kwake: "Kaa, Msomi." Na mimi nilikuwa najibu nimeelewa, huku nimeshafika ngazi ya chini.

Kisha ikaja kesi ya mipira.

Mteja wetu alikuwa mkulima wa kabichi wa makamo, mtu mkimya, mwenye shamba bondeni lililotegemea mfereji mmoja na mashamba mengine. Jirani yake wa juu alikuwa amelaza mipira ya maji kutoka kwenye banio, pale mfereji unapochepushwa, akanyweshea miche yake ya pilipili hoho, na kiangazi kilipokaza, maji ya kufika chini yakawa ya kuhesabu matone. Walitukanana. Kwenye mkutano wa kijiji mteja wetu alisimama akasema mbele ya watu kwamba mipira hiyo siku moja itakatwa. Haikupita wiki ikakutwa imekatwa kwa panga, vipande vipande, na miche imekauka. Akakamatwa, akashtakiwa kwa kuharibu mali kwa makusudi. Alikuwa nje kwa dhamana. Alikana, na mimi nilimwamini, ingawa Mzee alinionya kwamba kumwamini mteja si kazi, kazi ni kumtetea.

Hakuniuliza hata mara moja kuhusu sheria. Kila tulipoonana aliniuliza jambo moja.

"Wakili, nipande au nisipande?"

Kabichi zinachukua miezi mitatu hivi. Miche yake ilikuwa kitaluni, inataka kuhamishwa. Akipanda kisha akafungwa, mke wake peke yake hataweza kumwagilia bonde lile, na zitaozea shambani. Asipopanda na asifungwe, mwaka umeshaharibika. Mimi nilikuwa najibu tusubiri kidogo, na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa na kwenda kuitazama miche ikirefuka.

Siku ya kusikilizwa, Mzee alikuwa na kesi nyingine Korogwe. Nikaenda peke yangu, kwenye mahakama moja ya huku milimani ambayo sina haja ya kuitaja. Shahidi wa kwanza alikuwa mwenye mipira, na hakuwa ameona kitu. Kesi yote ilikuwa juu ya shahidi wa pili, bibi mmoja anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi na kupita juu ya mfereji ule. Yeye ndiye aliyesema amemuona mteja wetu akikata.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi la barazani, amejifunga kanga mbili, miguu haifiki chini. Nilipita mbele yake bila kumwamkia. Nilikuwa nimefundishwa kwamba shahidi wa upande wa pili haongeleshwi, na kwa woga wangu nikaona hata shikamoo ni mazungumzo. Kwetu hilo halina jina zuri. Aliniinulia macho, akangoja, akaona naingia ndani.

Kizimbani alieleza vizuri. Alipita, aliona mtu anakata mipira, na mtu huyo ni huyu, akanyoosha kidole. Kisha ikawa zamu yangu ya kumdodosa. Nilisimama. Maswali yangu nilikuwa nimeyapanga, na nakiri kwamba yalikuwa mazuri.

"Bibi, asubuhi ile kulikuwa na ukungu?"

"Ulikuwepo."

"Mzito?"

"Mzito."

"Wewe ulikuwa juu, njiani?"

"Ndiyo."

"Yeye alikuwa chini, mferejini?"

"Ndiyo."

"Ameinama?"

"Ameinama, anakata."

"Amekupa mgongo?"

"Ndiyo."

"Amevaa koti la kijani?"

"La kijani, lenye kofia."

"Makoti kama hayo yapo kwenye mitumba ya Soni?"

"Yamejaa tele."

Watu wakacheka. Hata hakimu alitabasamu kidogo huku anaandika. Hapo ndipo ningekaa. Ukungu ninao, mgongo ninao, makoti ya Soni ninayo. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi pupa nimeinyonya. Nilitaka kufunga mlango kwa kishindo ili watu wote wasikie.

"Kwa hiyo, bibi, hukumuona usoni?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeshageuka nusu kuelekea kwenye kiti. "Sina swali jingine, Mheshimiwa." Nikakaa. Niliona jasho limenilowesha mgongoni na nikajisikia mkubwa.

Mwendesha mashtaka aliulizwa kama ana maswali ya kufafanua kwa shahidi wake. Akainuka nusu. "Sina, Mheshimiwa." Kesi ikaahirishwa wiki mbili, alibaki mpelelezi tu.

Nje mteja alinisogelea, kofia mkononi. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia: "Panda."

"Nipande?"

"Panda, baba. Bibi mwenyewe amesema hakukuona usoni."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake alianza kuhamisha miche.

Lakini kitu kilikuwa kinanitekenya. Kwa nini mwendesha mashtaka hakuuliza? Shahidi wake pekee aliyedai kuona amebomoka mbele ya macho yake, na yeye anainuka nusu na kukaa kama mtu aliyeridhika. Nilipanda ngazi za ofisi na kuzishuka. Nilifungua jalada, nikalifunga. Nilimsimulia Mzee aliporudi kutoka Korogwe, nikamtajia maswali yote isipokuwa lile la mwisho. Sijui kwa nini nililiruka. Nadhani nilishaanza kuliogopa.

Jumamosi nilipanda gari la Mlalo kumwona mama. Nilimkuta anajiandaa kwenda mazoezi ya kwaya kanisani, anatafuta miwani. Jikoni kulikuwa na makande kwenye sufuria yamefunikwa. Tulikuwa tumesalimiana kwa Kishambaa, kisha nikahamia Kiswahili, kama kawaida yangu nikiwa na mawazo.

"Mama, hujala?"

"Ee."

Nikaipeleka sufuria kabatini, nikafuta meza, nikaenda uani kutazama miti yake ya plamu bila kuiona. Nilirudi, nikamkuta amekaa mezani, mikono imewekwa mbele yake, ananitazama.

"Yale makande umeyaficha ni ya nani?"

"Si umesema umekula?"

"Nimesema saa ngapi? Umeniuliza hujala, nikakwambia ee. Ee, sijala." Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwanangu, huko shule walikufundisha kusikia kwa Kizungu?"

Nikaitoa sufuria kabatini, nikasimama nayo mkononi. Mama akafikiri nimechukizwa, akaanza kunibembeleza kwamba alikuwa ananitania tu. Sikuwa nimechukizwa. Nilikuwa nimerudi kizimbani.

Hukumuona usoni? Ndiyo. Kwa mtu yeyote aliyelelewa milimani kwetu, na popote Kiswahili kinaposemwa nyumbani, jibu hilo halina utata: ndiyo, ni kama unavyosema, sikumuona. Lakini sisi tuliosoma sheria tumesoma kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ndiyo ya namna hiyo hugeuka, ikawa ndiyo, nilimuona. Mimi mwenyewe, mtoto wa Kishambaa, nilikuwa nimetoka kumnyima mama yangu chakula kwa kosa hilo. Hakimu alikuwa msomi kama mimi. Mwendesha mashtaka alikuwa msomi kama mimi. Ni bibi peke yake mle ndani aliyekuwa anajua alichosema.

Sikula makande. Mama alikwenda kwaya, mimi nikazunguka ile nyumba mpaka kuku wakanikimbia. Jumapili ilikuwa ndefu kuliko ibada zote nilizowahi kukaa.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwa karani wa mahakama kabla hajafungua dirisha. Nikaomba kukagua jalada. Mwandiko wa hakimu ulikuwa mzuri, wa kusomeka, na majibu yote ya bibi yalikuwepo kwa mfuatano, ukungu, mgongo, koti, mitumba. Chini kabisa ya maswali yangu kulikuwa na mstari mmoja: "Ndiyo, nilimuona usoni."

Sikumlaumu hakimu. Mtu anaandika kwa mkono huku wakili kijana anafyatua maswali bila kupumua, anaandika anachodhani amesikia. Swali lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwekea shahidi mtego wa kukanusha, ukanasa mguu wa mteja wangu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Mara hii mimi ndiye niliyesema polepole.

"Alipojibu," akauliza, "ulimtazama?"

"Nilikuwa nageuka kukaa."

"Hukumtazama."

"Sikumtazama, Mzee."

Akajimiminia chai. "Basi na wewe hukumuona usoni."

Ningependelea anitukane. Alisema ziko njia mbili. Naweza kunyamaza, na mwishoni nijenge hoja juu ya ukungu na makoti, nikitumaini kwamba hakimu hataupa uzito ule mstari. Au naweza kuomba shahidi aitwe tena, na nikieleza sababu itabidi nikubali mbele ya watu wote kwamba nilimuuliza vibaya.

"Na akiitwa," akasema, "halafu aseme alimuona? Watu wamekuwa wakiongea naye kijijini wiki nzima. Kanuni ya kwanza inasemaje?"

"Nisiulize nisilojua jibu lake."

"Unalijua?"

Nilikuwa nalijua na sikuwa nalijua. Akasema uamuzi si wangu wala si wake, ni wa mwenye miaka ya kufungwa, na kwamba nisimpigie simu, niende.

Nilimkuta bondeni, amevua viatu, ameinama kwenye tuta la mwisho. Kabichi zilikuwa zimeshika, vijani vipya viwili viwili, safu baada ya safu mpaka mferejini. Nikampa shikamoo, akaitikia huku anajifuta udongo. Nikamweleza. Sikuficha kitu, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoona aibu inapanda masikioni, kwa sababu alikuwa ananisikiliza kwa adabu ileile ya siku zote.

Aligeuka akatazama shamba. "Nimeshapanda," akasema.

Hakuna tusi lingenichoma kama hilo. Nilimwomba msamaha. Akaniuliza kwa mshangao wa kweli:

"Lakini wakili, mbona bibi alitikisa kichwa?"

"Alitikisa?"

"Alisema ndiyo huku anatikisa kichwa, hivi." Akanionyesha, kushoto na kulia, jinsi mtu anavyokana. "Mimi nilimuona vizuri. Kila mtu alimuona."

Kila mtu, isipokuwa mmoja anayeandika na mmoja anayegeuka kukaa. Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema mwite.

Siku ya kesi Mzee alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa pamoja na watu waliokuja kusubiri kesi zao. Nilisimama, nikaomba shahidi wa pili aitwe tena. Mwendesha mashtaka akapinga. Akasema utetezi umeona umejichongea na sasa unatafuta kiraka. Hakimu akaniuliza sababu. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu yenye vifungu vya sheria, na nilipoyatazama yote yalikuwa yanamzunguka mtu mmoja, yaani mimi, ili asionekane.

"Swali langu la mwisho lilikuwa baya, Mheshimiwa," nikasema. "Nilimuuliza kwa kukanusha, akanikubalia, na nadhani amekubali kinyume cha kilichoandikwa. Kosa ni langu."

Hakimu alipekua kurasa, akausoma ule mstari kwa sauti ya chini, mara mbili. Mwendesha mashtaka alikuwa anatazama dari. "Aitwe," hakimu akasema, na akapanga siku.

Siku hiyo bibi alikuwa kwenye benchi lilelile, miguu haifiki chini, amekasirika kwa sababu ng'ombe wake hawajala. Nilikwenda moja kwa moja mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

Aliniacha nisimame hapo muda wa kutosha. "Marahaba," akasema. "Kumbe salamu unaijua."

Nikaingia ndani. Mlangoni Mzee alininyang'anya karatasi yangu ya maswali, akaikunja, akaitia mfukoni mwa sweta.

Bibi alikumbushwa kiapo chake. Nilisimama. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unataka kwenda mahali, sijui wapi, nikaukanyagia mwingine.

"Bibi, yule mtu aliyekuwa anakata mipira, uso wake uliuona?"

Nikamtazama. Alikuwa na makunyanzi madogo kuzunguka macho, na jicho moja lilikuwa na ukungu wake. Nilimtazama bila kupepesa, na sijawahi kusubiri kitu kwa hofu namna ile.

"Sikuuona," akasema, na kichwa chake kikaenda kushoto na kulia. "Niliona koti."

Nikaendelea kusimama mpaka kalamu ya hakimu ilipotulia. Kisha nikakaa. Mwendesha mashtaka akainuka, mara hii wima kabisa, akamuuliza bibi kwa nini basi alimnyooshea mshtakiwa kidole.

"Koti lilikuwa kama lake," akajibu. "Na kijiji kizima kilikuwa kinasema ni yeye. Nami nikasema."

Akaruhusiwa kushuka. Alipofika karibu na meza yangu alisimama, akanigeukia mbele ya mahakama nzima.

"Na siku ile nilikujibu hivihivi, mwanangu. Hukunisikia?"

Shahidi hamuulizi wakili swali. Nilimtazama hakimu nikitegemea amkataze. Hakimu aliegemea kiti chake, akaninyooshea mkono kama anayesema, karibu.

"Ndiyo, bibi," nikasema.

"Wakili," hakimu akauliza, "ndiyo ulimsikia, au ndiyo hukumsikia?"

Mahakama iliangua kicheko, na nyuma kabisa nilisikia kikohozi cha Mzee, kikohozi cha mtu aliyepaliwa na chai.

"Sikumsikia, Mheshimiwa."

Bibi akaridhika, akaenda kwa ng'ombe wake.

Mpelelezi naye alitoa ushahidi, hakuwa na la zaidi ya mkutano wa kijiji na koti. Wiki iliyofuata hakimu alisoma uamuzi wake, ukurasa mmoja na nusu, kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu na anaachiwa. Mteja wangu hakuielewa lugha ile. Alikuwa bado amesimama wakati kila mtu ameshakaa, anapapasa kofia yake, na karani ndiye aliyemgusa bega atoke.

Barazani kulikuwa na baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mikaratusi ya barabarani. Alinisogelea karibu, akaniuliza kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba akisema kwa nguvu mambo yatabadilika.

"Wakili, kwa hiyo sifungwi?"

Nilimtazama usoni.

"Ndiyo," nikamwambia.

Hakuuliza mara ya pili. Alivaa koti lake la kijani, akapandisha kofia ya koti, akashuka kwenda kumwagilia.